Folda ya Zilizotumwa

Kaka yangu alikuwa mtu wa maneno. Kazini walimpa jina la Redio, likamfuata mpaka nyumbani, hata mkewe akichoka alikuwa anamwambia, "Redio, hebu punguza sauti." Alifanya kazi idara ya maji maisha yake yote, upande wa mabomba: kufungua, kufunga, kuchimba barabara kutafuta panapovuja. Mtaa mzima ukikosa maji, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuwaeleza watu, na watu walikuwa wanaondoka wanacheka, ndoo tupu mkononi. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja, lakini nachomelea mageti na madirisha na maneno yangu ni machache. Yeye alichukua fungu lake na langu.

Halafu akapata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vililegea, na hivyo tulivizoea upesi. Ulimi ndio tulioshindwa kuuzoea. Alikuwa anafungua mdomo vizuri kabisa, uso umejaa jambo la kusema, kinachotoka ni "ta, ta, ta," na yeye mwenyewe akijisikia anaufunga. Daktari alisema akili yake ni nzima, anaelewa na anasoma, ila njia ya kutolea maneno imekatika, ya kusema na ya kuandika pia. Tukawekeana alama. Ukimshika mkono wa kushoto na kumuuliza jambo, akikubana kidole ni ndiyo. Akikiachia ni hapana.

Kitu kimoja hakukiacha. Kila asubuhi, shemeji akishamwogesha na kumvalisha, alinyoosha mkono wake mzima kuelekea chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na cherehani ya shemeji, kabati la vitambaa, na kompyuta ya zamani yenye tumbo kubwa, imefunikwa kitambaa cha maua kama mtoto aliyelazwa. Kwa miaka mingi, kila Jumapili, Redio alikuwa anakaa pale anamwandikia binti yake anayeishi nchi ya mbali. Alikuwa anaandika kwa vidole viwili huku anacheka peke yake. Sasa tulimkokota mpaka pale, akawasha, akafungua barua pepe zake, akasoma. Alisoma mpaka mchana.

Hakupenda mtu asimame nyuma yake. Ukisogea, mkono wa kushoto unakwenda kwenye kitufe cha kioo na kioo kinakuwa cheusi. Kwa hiyo tulijua anasoma, hatukuona anasoma nini. Shemeji alisema anasoma barua za binti yake. Nilikubali, nani asingekubali? Tulimpigia binti tukamwambia baba yake kutwa nzima anazisoma barua zake, na upande wa pili tukasikia analia kwa furaha.

Tatizo likawa miguu. Kukaa kwenye kiti kile muda wote kulimvimbisha, na daktari akapiga marufuku: akae kitandani, miguu juu ya mto. Siku ya kwanza bila kompyuta alikataa chakula. Siku ya pili alimpiga shemeji kibao cha mkono, yeye ambaye hajawahi kumwinulia mkono hata siku moja. Binti alipopata habari alinunua tableti, akampa mtu anayesafiri, ikatufikia ndani ya soksi mpya.

Tukaifungua kitandani, watu watatu tumeinama kama tunachungulia kisima. Tukaweka anwani ya kaka na neno lake la siri. Barua zikafunguka: hakuna kitu. Ukurasa mweupe. Redio alikitazama kioo, akanitazama mimi, akageuza uso ukutani.

Binti akasema kwenye simu tusihangaike, anajua dawa yake. Niende kwenye kompyuta, nifungue mipangilio, niitoe ile akaunti ya zamani, kisha niiweke upya kwa njia nyingine ambayo tableti inaielewa. Nikaketi pale na mikono yangu hii yenye madoa ya cheche, kipanya kinanitoroka. Nilipofika penye neno la kuiondoa akaunti, kompyuta ikaandika kwamba ujumbe wote uliohifadhiwa ndani yake utaondoka pia. Ikauliza: ndiyo au hapana?

Nikamsomea binti kwenye simu. Akasema nibonyeze ndiyo, zitarudi zenyewe. Sikuwa na ujuzi wowote wa kubishana naye. Niliogopa tu. Katika kazi yangu, ukikata chuma kimekatika. Nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikamwambia mimi sibonyezi, atafutwe mtu. Akasema, "Labda umeniokoa, baba mdogo. Tafuta fundi."

Fundi tuliyempata ni mwanamke mmoja mwenye kibanda karibu na stendi ya magari, wanamwita Mama Waya kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya shingoni, kama wengine wanavyovaa mkufu. Alikuja asubuhi na begi lake, akavua viatu, akaisikiliza kompyuta kabla ya kuigusa. Aliinamisha sikio kwenye tumbo lake kama daktari.

"Diski inalia," alisema.

Na kweli ilikuwa inalia, tk, tk, kama kuku anadonoa bati. Sisi tulidhani ndivyo ilivyo.

Kisha akatueleza, mimi na shemeji, na binti akiwa kwenye simu juu ya meza, sauti imefunguliwa. Njia anayotumia kaka inaitwa POP, alisema. Kompyuta inakwenda posta, inabeba barua zote, inazileta nyumbani, na posta haibaki hata na bahasha. Ndiyo maana tableti ikienda posta inakuta rafu tupu. Njia mpya inaitwa IMAP. Barua zinakaa kule kule posta, na kila chombo ulichonacho kinazisomea dirishani. Basi kazi yenyewe ni kuzirudisha barua posta kwanza na kuona kwa macho kwamba zimefika, ndipo uifunge njia ya zamani. Ukianza kuifunga, barua zinafungwa nayo.

Hilo nililielewa bila shida. Hubomoi fremu ya mlango kabla hujasimamisha nyingine, nyumba itakuangukia. Mama Waya aliiacha akaunti ya zamani mahali pake, akaiweka mpya pembeni yake, zikawa mbili zimekaa bega kwa bega kwenye kioo, moja imejaa na moja tupu. Akaanza kunakili za kwenye kikasha, barua zote zilizoingia kwa miaka yote. Alikataa kuzihamisha. "Nanakili," alisema. "Kuhamisha ni kuchukua huku na kuweka kule, na umeme ukikatika katikati hujui kitu kiko wapi."

Intaneti yetu ilikuwa ya kujikongoja. Mstari wa kijani ulitambaa kama konokono mwenye mawazo. Shemeji alipika, tukala, Mama Waya akatuchekesha na habari za wateja wanaoleta kompyuta imeharibika kumbe hawajaichomeka kwenye umeme. Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi nilisikia shemeji anacheka kwenye nyumba ile. Alasiri mstari ukafika mwisho. Mama Waya hakuamini mstari. Alichukua tableti, akaifungua, akangoja, na barua zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, jina la binti, jina la binti, jina la binti, mpaka za mwaka ule alioondoka. Shemeji aliikumbatia tableti kifuani.

"Bado kuna vitu viwili," Mama Waya akasema, na hapo hakuwa anatania tena. "Kuna folda ya zilizotumwa, yaani zile alizoandika yeye mwenyewe. Na kuna picha zenu zote, nazo ziko kwenye diski hii hii. Msikilizeni huyu kuku. Amebakiza pumzi kidogo. Naweza kuanza na kimoja, cha pili siwaahidi."

Picha zenyewe zilikuwa za harusi yao, za binti anatambaa, za mama yetu mzazi akiwa bado na meno. Hazikuwepo mahali pengine. Shemeji akasema picha. Binti akadakia kwenye simu.

"Chukueni picha. Zilizotumwa alinitumia mimi, ninazo huku zote. Nitazirudisha tu."

Nikasema naam, picha. Lilikuwa jambo la maana. Hata leo ukiniuliza nitakwambia lilikuwa jambo la maana.

Tulipokuwa tunalizungumza hilo, kutoka chumba cha pili kikasikika "ta, ta, ta." Mlango ulikuwa wazi, ukumbi wenyewe ni hatua chache, alikuwa anasikia kila neno. Ikaja tena, kwa nguvu zaidi, "ta, ta." Shemeji akainuka na glasi ya maji. Alirudi akasema alikuwa na kiu, lakini amekunywa kidogo tu na mengine yamemwagika.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, na kidole cha kumuulizia tulikuwa nacho. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Mama Waya alizitoa picha, zote isipokuwa chache zilizogoma. Akarudi kujaribu ile folda, kwa hiari yake, na kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, kuku akadonoa mara kadhaa na kunyamaza. Aliing'oa diski, akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akasema ataiangalia akipata nafasi. Kwetu kazi ilikuwa imekwisha na imekwisha vizuri. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikimshukuru.

Tulimpa Redio tableti kama watu wanaopeleka zawadi. Shemeji alimwekea mto chini ya kiwiko. Aliipokea kwa mkono wake mmoja, akafungua barua ya binti, akaitazama, akaifunga. Akafungua nyingine, akaifunga. Kisha kidole chake kikaenda pembeni ya kioo, kikagonga, kikagonga tena. Shemeji akamshika kidole kwa upole, akakirudisha kwenye barua. "Huku, baba," alimwambia. "Ziko huku."

Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Anagonga pembeni, shemeji anamrudisha. Alidhani ni kutetemeka, kiharusi kina mambo yake. Redio akaanza kuisukuma tableti, siku moja akaiangusha sakafuni kwa makusudi. Shemeji alinipigia simu ana hasira na machozi pamoja. Akasema huyu mtu hana shukrani, mtoto amejinyima huko aliko, na yeye anafanya jeuri kama mtoto wa kudeka. Akasema amechoka. Sikuwahi kumsikia akisema amechoka.

Nilikwenda Jumapili. Nilimwomba shemeji akapumzike kwa jirani, nikavuta kiti karibu na kitanda. Chumba kilikuwa safi, kinanuka sabuni na dawa ya kuchua. Kaka hakunitazama. Nikamwekea tableti juu ya kifua, nikamwambia, "Fanya unavyotaka. Mimi sikushiki."

Kidole kikaenda pembeni. Nikavaa miwani na kutazama kinapogonga. Hakikuwa kinatetemeka hata kidogo. Kilikuwa kinagonga neno moja, lile lile, kila mara: Zilizotumwa. Folda inafunguka, na ndani ni peupe. Anatoka, anaingia tena, kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta nyumba haina samani, anatoka nje kuhakikisha namba ya mlango.

Nikamshika mkono.

"Unatafuta ulizoandika wewe?"

Akanibana kidole.

"Kule kwenye kompyuta ulikuwa husomi za mtoto. Ulikuwa unasoma zako."

Akanibana tena na hakukiachia. Alikibana mpaka kikauma, na machozi yakamtoka kwa jicho moja, maana la kulia siku hizi haliitikii vizuri.

Nilikaa pale nikiwa mjinga. Mtu ambaye maneno ndiyo yaliyokuwa maisha yake amenyang'anywa yote, isipokuwa mahali pamoja. Mahali hapo alikuwa anakwenda kila asubuhi kujisikiliza. Hakutaka tumwone kwa sababu aliona haya, nadhani. Ningekuwa mimi ningeona haya pia. Na sisi tukapanga kikao mlangoni kwake kuamua kipi kibaki.

Nikazisoma zilizobaki, zile tulizozihangaikia kutwa nzima. Sikuwa na sababu ya kuzisoma kabla. "Nimeipata baba, niko kazini, nitakuandikia vizuri jioni." "Asante baba, umenichekesha, wiki hii nimebanwa." "Baba nzuri sana hii, nitajibu Jumamosi." Mwaka baada ya mwaka. Ndefu zilikuwepo, za siku za kwanza alipokuwa mpweke huko, halafu zikaanza kufupika kadiri alivyopata watu. Simlaumu. Mimi mwenyewe simu yake ilikuwa ikiita nikiwa juu ya ngazi na mashine mkononi, nikamwambia nitakupigia.

Nikampigia binti. Nilimweleza jambo lilivyo, kwa ufupi, kisha nikamwambia atume zile alizosema anazo. Alisema sawa, dakika chache. Hakurudi siku hiyo. Alipiga kesho yake nikiwa karakana, nikazima mashine.

"Baba mdogo, sina."

"Ulisema unazo."

"Nilijua ninazo."

Baba yake alikuwa anamwandikia kwenye anwani ya ofisi yake ya kwanza. Alipoacha kazi ile alimpa anwani mpya, na alidhani za zamani alizihamisha kabla hawajamfungia. Hakuhamisha. Alikuwa amepanga kufanya hivyo wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho ilikuwa ya kuagana na watu. Za anwani mpya nazo alikuwa akisoma kwenye simu na kufuta ili isijae. Alisema nyingine alizisoma nusu, akitaka kuzimalizia akitulia, nazo zikafutwa pamoja na zingine. Nikamwambia neno kali, sitaliandika hapa.

Baadaye akasema, polepole, kwamba anakumbuka moja. Baba yake alimwandikia kuhusu geti nililomtengenezea mchungaji fulani, likawa zito kuliko ukuta wenyewe, siku ya kulifungua ukuta ukafuata geti. Akaanza kucheka kwenye simu na kicheko kikageuka. Akasema, "Alikuwa anakuandika sana, baba mdogo. Wewe ulikuwa humo kila wiki."

Sikulijua hilo. Kaka alikuwa ananitania kwamba ameshaniandika, nami namwambia aache umbea. Sikuwahi kumwambia nionyeshe.

Nilifunga karakana mapema nikaenda kwa Mama Waya. Alikuwa na rafu nzima ya diski zilizokufa, kila moja na kipande cha karatasi. Ya kwetu alikuwa ameshaijaribu. Aliijaribu tena mbele yangu, akaiunganisha na mashine yake, akaweka sikio. Hakukuwa na kuku wala bati. Alinieleza kwamba miji mikubwa wapo watu wanaofungua diski ndani ya vyumba visivyo na vumbi, akazipigia simu sehemu mbili alizozijua, akawaeleza ilivyo. Wote wakamwambia yale aliyoyaona yeye: kile kisindano kinachosoma kimekwangua bamba lenyewe, na palipokwanguliwa hapasomeki tena.

"Siku ile ilikuwa bado inazunguka," alisema. "Ningeanza na zile kwanza, tungezipata." Kisha akasema, kama mtu anayejisuta, "Niliuliza watu wote waliokuwa chumbani."

Nilimwambia yeye hana kosa. Ni kweli hana. Nilirudi kwa miguu ingawa ni mbali.

Kumweleza kaka nilimweleza mwenyewe, shemeji akiwa amekaa upande wa pili wa kitanda ameshika shuka. Nilimwambia zimekwenda. Huku zimekwenda, kwa mtoto zimekwenda, diski imekufa. Sikupamba maneno. Alinitazama muda mrefu. Shemeji akamshika mkono akamwomba msamaha, akamuuliza siku ile ulipokuwa unaita, ulikuwa unatuambia? Akambana kidole. Shemeji akatoka nje ya chumba, na nikasikia bomba la jikoni linafunguliwa na kuachwa litiririke.

Binti sasa anamwandikia kila Jumapili, barua ndefu. Redio anazisoma zote mpaka mwisho kwa adabu. Akimaliza anairudisha tableti kwenye mto.

Mimi nilianza kuwatafuta watu wengine aliowahi kuwaandikia. Hawakuwa wengi, watu wa rika letu hawaandikiani. Mmoja alisema alizifuta, mmoja alisema hakuwahi kujifunza kuzifungua. Aliyebaki alikuwa mwenzake wa zamani wa shimoni, mtu ambaye idara nzima walimwita Kimya, na nadhani waliwapanga zamu moja kwa makusudi ili wafidiane. Kimya alihamishiwa kituo cha mbali miaka ya mwisho. Nilimkuta kwake anamwagilia mchicha. Alisikiliza habari yote bila neno, akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na simu. Alikuwa nayo moja. Aliiacha kwa sababu ilikuwa na maelekezo ya kazi.

Tuliituma kwa kaka pale pale. Nilifika kwake jioni, jua bado lipo. Alikuwa ameshaifungua na mkono wake mzima unatetemeka kweli safari hii, hata ule uliolegea nadhani ulitaka kutetemeka. Alinipa tableti. Nikadhani anataka niiweke vizuri, nikaiegemeza kwenye mto wake. Hapana, akairudisha kwangu tena, akagonga mdomo wangu kwa kidole.

Alitaka nimsomee.

Mimi niliacha shule mapema, nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nikasoma hivyo hivyo.

"Mwenzangu Kimya, nimesikia una valvu iliyoshika kutu na unataka kuifungua kwa bomba refu na vijana wanne. Usithubutu. Ukiilazimisha itakatika shingo, utabaki na gurudumu mkononi kama dereva aliyeachwa na gari. Itie mafuta, uiache ilale. Kesho yake ifunge kidogo kwanza, ndiyo, ifunge, kisha ifungue kidogo, kisha ifunge tena. Iambie polepole, italegea. Na ikikubali usifurahi ukaifungua yote kwa mara moja, maji yakija kwa kishindo yatapasua bomba huko mbele na watakuja kunitafuta mimi niwaeleze watu. Mwenzio, Redio."

Nilipofika kwenye dereva aliyeachwa na gari aliinua mkono. Nikasimama. Akanionyesha nirudi nyuma. Nikarudi, nikasoma tena, akainua mkono tena, anatikisa kichwa. Nilikuwa napita haraka. Nikarudia mara ya tatu, nikafika kwenye neno gurudumu, nikatulia kidogo kama alivyokuwa anatulia yeye kabla ya kuchekesha watu, ndipo nikamalizia. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Kifua kikatikisika.

Kisha akagonga tableti nianze mwanzo, akaweka kichwa kwenye mto, akafumba macho. Nikaanza mwanzo. Haikuwa sauti yake, ilikuwa sauti yangu mbaya. Shemeji alisimama mlangoni anafuta mikono, na mimi nikaendelea kusoma namna ya kufungua valvu.